Gari Lililokuwa Likizima kwa Bibi Salima

Siku pikapu ya mjomba ilipozima mara ya mwisho mahali pale pale, mwanangu, sijaisahau mpaka leo, na kila ikinijia najikasirikia upya. Jana umenipigia simu, umenieleza habari za gari lako robo saa nzima, na ulipomaliza nikakata bila hata kukuaga vizuri. Baadaye ukaniandikia ujumbe kwamba baba umenuna. Sikununa. Nilichoka. Nilisikia maneno yangu ya ujanani yakitoka mdomoni mwako, na maneno yale kuna mtu yalimharibia maisha.

Hebu tuanze na lako. Gari linazima ukiwa njiani kutoka Mikindani kwenda kazini bandarini. Umebadilisha plagi. Umebadilisha pampu ya mafuta. Fundi wa kwanza kasema sensa, wa pili kasema waya, wa tatu kaunganisha kompyuta yake kasema haoni kitu. Mpaka hapo nilikuwa nawe, hayo ni mateso ya kila mwenye gari. Ila ukashusha sauti kama unayetoa siri, ukasema linazima siku unazompakia Mwalimu Neema tu, na kwamba yule mama ana nuksi. Ukasema sasa unampita kituoni kama humwoni, na wenzako ofisini umeshawasimulia, mkacheka. Mwalimu Neema huyu huyu jirani yako, katoka kwao Njombe hana ndugu hata mmoja mji huu, na ndiye aliyemshika mkono mwanao mpaka akajua kusoma. Umesomeshwa, cheti chako cha forodha umekitundika ukutani, halafu unaniambia mimi habari za nuksi. Presha yangu ikipanda msiulize imetoka wapi.

Basi kaa chini unisikilize, na simu yako iweke pembeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mjomba wangu, yaani kaka yake bibi yako mzaa baba, alipata korosho nzuri mwaka ule akanunua pikapu, kuukuu lakini ya kwake. Unajua mila yetu, mjomba ndiye mwenye sauti. Funguo hakuwapa wanawe, alinipa mimi mpwa wake. Kichwa kikanivimba. Nilikuwa natembea Mtwara mjini funguo zikining'inia kidoleni hata kama gari nimeliacha nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba salfa. Mikorosho ilikuwa inachanua, na wewe umekulia huku, unajua maua yale yasipopulizwa ule unga wa njano, ubwiri, ule ukungu mweupe, huyala yote na mwaka umekwisha. Nilikuwa nachukua mifuko Mtwara nawapelekea wakulima Nanyamba, asubuhi naenda, jioni narudi. Barabara ilikuwa vumbi tupu, mifuko mingine imepasuka, salfa inaruka mpaka kwenye nyusi. Naikuta kwenye kikombe cha chai. Napiga kelele nyumbani kila siku kwamba mboga inanuka salfa, na bibi yako ananijibu kwamba anayenuka ni mimi.

Sasa tangi la ile pikapu lilikuwa ubavuni, na kwenye kifuniko chake kulikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano. Nikakitazama kitundu kile, nikaona unga wa njano umekizunguka, nikasema hapana, salfa itaingia kwenye petroli, injini ya mjomba itakufa mikononi mwangu. Nikatwaa mfuko wa nailoni, nikaukunja mara mbili, nikakifunika kifuniko chote na kukikaza kwa ukanda niliokata kwenye mpira wa baiskeli. Nilikaza hasa, mwanangu. Hewa isipite. Halafu nikasimama hatua tatu nyuma kuitazama kazi yangu, nikajiona mhandisi. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja mjomba aone mwenyewe anisifu.

Wiki ile ile pikapu ikaanza kuzima.

Nilikuwa najaza tangi mpaka juu kila asubuhi pale mjini, amri ya mjomba, maana Nanyamba siku zile petroli ilikuwa ya kubahatisha. Naondoka vizuri, naimba. Nikifika karibu nusu ya safari, kwenye kitongoji kimoja kidogo, gari linaanza kuishiwa nguvu. Linakohoa mara mbili, tatu, halafu kimya. Na kila lilipozima lilizima mbele ya nyumba ya Bibi Salima, au hatua chache kabla, au hatua chache baada yake.

Bibi Salima alikuwa mjane, watoto hakujaliwa, anaishi peke yake kando ya barabara. Alikuwa anauza mafuta ya taa. Watu wa pale walikuwa wanamletea chupa zao jioni kabla ya kuwasha koroboi, anawapimia kutoka kwenye dumu lake la kijani. Ndiyo ilikuwa riziki yake yote, hiyo na mihogo yake ya nyuma ya nyumba. Gari likizima hutoka na kata ya maji, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba mjukuu wangu, ananipa maji nakunywa. Mimi nafungua boneti, nachungulia, sioni kitu. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo nafungua tangi natumbukiza kijiti nione kama petroli ipo. Ipo, tele. Nafunga kifuniko, narudisha nailoni yangu, nakaza mpira. Nawasha. Gari linawaka kama halijawahi kuumwa, nakwenda mpaka Nanyamba na kurudi bila neno.

Umeliona tatizo? Bila shaka umeliona, maana nimekuhadithia kwa mpangilio. Mimi nilikuwepo, nilifanya kwa mikono yangu, na sikuliona.

Nilichokiona mimi ni hiki: gari linazima kwa bibi kizee, nikishamwamkia na kunywa maji yake linawaka. Basi yeye ndiye anayelifunga na yeye ndiye anayelifungua. Huo ndio utafiti nilioufanya, mtu mwenye leseni ya udereva.

Nikalipeleka kwa Fundi Chande, pale mjini. Fundi mzuri, mtu wa maneno machache, alikuwa anatengeneza magari ya wabeba mizigo wa bandarini. Akaniuliza linazima vipi, ghafla au linadhoofika kwanza. Nikasema linadhoofika. Akasema basi usihangaike na umeme, umeme ukikatika gari hufa papo hapo, hili lako linakosa mafuta. Akafungua kabureta, akasafisha, akapuliza bomba, akaangalia chujio. Kisha akanitazama usoni akaniuliza, "Kabla halijaanza kuzima, ulibadilisha nini?"

Nikasema sijagusa kitu.

Nilisema hivyo, Mungu ananiona. Na unajua kwa nini hakuiona nailoni? Kwa sababu kila nilipompelekea gari niliivua kwanza nikaificha chini ya kiti, nisije nikachekwa kwamba gari la mjomba nimelivisha kilemba. Fundi akalijaribu mpaka Naliendele na kurudi, likaenda vizuri. Si lazima liende vizuri? Tangi lilikuwa wazi! Akanirudishia funguo akasema yeye haoni ugonjwa. Nikamwona fundi hajui kazi. Mara ya pili nikampelekea vile vile, nikavua vile vile, na jibu likawa lile lile. Nikisimulia nataka nimrudie yule kijana niliyekuwa mimi nimzabe kibao.

Basi pale Nanyamba, watu wanashusha salfa, mmoja akaniuliza mbona leo umechelewa. Nikasema kuna bibi mmoja pale njiani gari haliwezi kumpita. Nilisema kwa utani, nikacheka, wakacheka. Safari iliyofuata wakaniuliza tena, bibi yako leo kakuruhusu? Nikanogewa. Nikaongeza chumvi, nikasema akiinua kata tu injini inakata. Mwanangu, sikuwa na ugomvi na yule mama hata chembe. Maji yake nilikuwa nakunywa kila siku. Nilikuwa napenda tu kusikilizwa.

Maneno yakarudi barabarani yakafika kitongojini kwake kabla yangu. Nikaanza kuona wanawake wenye chupa wanakwenda kununua mafuta ya taa kwa mtu mwingine, mbali, wakimpita mlangoni. Mara ya mwisho lilipozima, ile niliyokutajia mwanzo, Bibi Salima alikuwa amekaa barazani na dumu limejaa mpaka mdomoni, hakuna hata chupa moja mbele yake. Siku hiyo hakuniletea maji. Akaniambia kwa utulivu tu kwamba mwenyekiti wa kitongoji ameitisha kikao Ijumaa baada ya swala, kumzungumzia yeye, kuna wanaotaka ahame kando ya barabara asije akaua watu na magari. Na dereva wa salfa ameitwa kuja kusema.

Dereva wa salfa ndiye mimi. Nikajifanya nina shughuli, nikaenda kwenye tangi, nikavua nailoni, nikafungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama lilivyokuwa likifanya kila siku.

"Sauti hiyo," akasema, "kila ukisimama hapa naisikia. Njoo."

Nikaenda. Akainua dumu lake, akainamisha juu ya chupa. Kwenye mgongo wa dumu, karibu na mshikio, alikuwa ametoboa kitundu kwa msumari wa moto, na kitundu hicho sasa amekiziba kwa dole gumba. Mafuta yakatoka kidogo, yakakwama, yakakohoa, yakasimama. Dumu limejaa na halitoi kitu. Akaondoa dole gumba, mafuta yakashuka moja kwa moja mpaka chupa ikajaa.

"Na wewe umeziba wapi?" akaniuliza.

Nailoni nilikuwa nimeishika mkononi, mwanangu. Nilikuwa nimeishika.

Hakuna cha kueleza zaidi. Petroli inatoka tangini, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, tangi linaing'ang'ania petroli, injini inakufa njaa. Na kwa kuwa kila siku nilijaza kiasi kile kile na kufunga mahali pale pale, kila siku lilikufa njaa baada ya mwendo ule ule. Nyumba yake ilikuwa tu imejengwa hapo. Na kilicholiwasha tena hakikuwa shikamoo wala maji, ni mimi nilipofungua kutumbukiza kijiti, na hewa iliyoingia kwenye nafasi ya petroli iliyokwisha kutumika ikanitosha mpaka kurudi. Nilikwenda Nanyamba bila nailoni. Kesho yake nilijaza tangi nikapita mbele ya nyumba ile bila kusimama, na kesho kutwa pia.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Ingeishia hapo kama ningekuwa mtu.

Ijumaa nikaenda kikaoni. Watu wamejaa, Bibi Salima kakaa kwenye mkeka upande wake peke yake, mikono kwenye magoti. Mwenyekiti akanisimamisha, akaniomba niseme habari za gari. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, nakuapia. Lakini nikawaona wale wa Nanyamba waliokuja kusikiliza, nikaona watakavyonicheka, nikaona mjomba atakavyopokea habari kwamba mpwa wake alilinyonga gari lake kwa mfuko wa nailoni wiki tatu akamlaumu bibi wa watu.

Nikasema, "Gari limepona."

Mwenyekiti akauliza limepona vipi. Nikasema limepona tu, halizimi tena.

Nilidhani nimemwokoa. Nilidhani nimepata njia ya katikati, yeye apone na mimi nisiaibike. Lakini mtu mmoja nyuma akasema, ahaa, kaona kikao kinakuja kaliachia. Na watu wakaguna kwa kukubali, maana kwao hilo lilikuwa thibitisho tosha. Bibi Salima akanitazama. Akangoja. Alipoona sisemi, akasema mwenyewe, "Muulizeni nailoni yake iko wapi."

Watu hawakuelewa. Mwingine akanong'ona kwamba bibi anasema mafumbo. Mimi ndiye peke yangu niliyeelewa pale, na niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Nimeishi miaka mingi, nimefanya makosa mengine mengi ambayo mama yako anayajua na mengine hayajui, lakini hakuna linaloniumiza kama kile kimya.

Hawakumfukuza. Mwenyekiti alisema akae kwa amani. Lakini amani gani, hakuna aliyeleta chupa tena. Msimu wa salfa ulipokwisha akanisimamisha barabarani, mara ya kwanza pikapu ile kusimama pale kwa kupigiwa mkono, akasema anahamia kwa mdogo wake Kilambo, kule mtoni, kama naweza kumpelekea vitu vyake. Vitu vyenyewe kitanda, masufuria mawili, jembe na lile dumu. Nikampakia. Tulirudi mpaka Mtwara, nikajaza tangi, tukateremka njia ya Kilambo, yeye kakaa mbele kapakata dumu lake tupu. Njia nzima gari halikukohoa hata mara moja, na mngurumo ule wa injini nzima ulikuwa unanisuta kuliko matusi. Nilitamani lizime.

Tulipofika nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniinua.

"Mimi nimeshakusamehe, mjukuu wangu," akasema. "Lakini mimi sikuwa nahitaji kuambiwa. Nenda kawaambie wale."

Dumu akaniachia, akasema Kilambo hana mteja. Ni lile la kijani lililoko stoo, lenye tundu mgongoni, ambalo mama yako kila mwaka ananiambia nilitupe na kila mwaka tunagombana.

Nilikwenda, ndiyo. Nilimwambia mjomba kwanza. Hakupandisha sauti. Akachukua funguo, akanipa ile nailoni na ule mpira, akasema nipite nyumba kwa nyumba kwa miguu, kitongojini na Nanyamba, niwaonyeshe. Nikapita. Wengine walicheka, kama nilivyoogopa, na kicheko chenyewe hakikuniua. Wengine waliniuliza kwa hasira mbona sikusema siku ile. Na mwenyekiti akasema haya yamekwisha, kijana, tusiyafukue. Bibi Salima alipelekewa salamu kwamba arudi. Akajibu kwamba ameshalima. Alifia huko Kilambo mwaka uliofuata, na mimi ni mmoja wa waliombeba kumpeleka kaburini.

Sasa turudi kwako, na unijibu mambo mawili. Ukiwa peke yako unafungua vioo, si ndiyo? Wewe kwa kubana mafuta sikuwezi. Ukimpakia Mwalimu Neema, mtu wa Njombe, baridi ya kwao si ya mchezo, joto letu linamwelemea, unafunga vioo unamwashia AC kwa heshima. Na gari linazima wapi? Umesema mwenyewe, ukipunguza mwendo kwenye mzunguko wa barabara, na kule getini bandarini mnapongoja malori yatoke. Si kwenye mteremko, si ukiwa kasi. AC ni mzigo kwa injini, na gari likiwa karibu kusimama halina nguvu ya kuubeba kama mlango wake wa hewa umejaa masizi. Mafundi huuita mngurumo ule wa gari lililosimama sailensa, yako imeshuka. Labda nimekosea, mimi si fundi. Lakini ni rahisi kujua: kesho ukiwa peke yako washa AC, punguza mwendo, uone. Ninavyojua mimi litakuzimikia na hakuna mwalimu ndani.

Halafu nenda kwa fundi, na umweleze kila kitu, hata kile unachokionea haya. Linazima likiwa moto au baridi, kasi au polepole, ghafla au kwa kudhoofika, nini kimewashwa, nini uligusa wewe mwenyewe wiki lilipoanza. Hasa hicho ulichogusa wewe. Fundi hana uchawi wa kujua ulichomficha. Usibadilishe kifaa kingine hata kimoja kabla ya kufanya hivyo, maana naona umeanza kulinunua gari upya vipande vipande.

Na likishapona, usije ukaniambia limepona tu. Ofisini ulikosimulia, simama pale pale, kwa sauti ile ile, useme nilikosea, ni AC. Watacheka, waache. Kisha asubuhi usimpigie Mwalimu Neema honi ukiwa barabarani. Shuka, ubishe hodi, umwambie kwa mdomo wako ulichosema juu yake kabla hajakisikia kwa mwingine, ikiwa hajakisikia bado. Mpakie, mwashie AC yake. Likizima mkiwa wote wawili, wekeni visingizio pembeni, shukeni msukume.

Haya, nimemaliza, sauti imenikauka. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani wewe na unaowapakia, akujaalie wepesi wa kusema nimekosea wakati bado linamfaa mtu, na asikuonyeshe safari kama ile niliyoiona mimi ya Kilambo. Nipigie ukishatoka kwa Mwalimu. Ukinipigia kabla sipokei.